Kabla ya Kuomba Shahada: Ushauri kwa Wanaomaliza Kidato cha Sita

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wadogo zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe huniuliza kama shahada bado inalipa. Swali hilo halijibiki mpaka muulizaji ataje kazi anayoitaka, kwa sababu kila kazi ina mlango wake na kila mlango una mtu anayeulinda.

Zipo kazi zisizokaribiwa bila shahada, hata mtu awe hodari namna gani. Anayetaka kuwa wakili husoma shahada ya sheria, kisha hupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Daktari husoma miaka mitano na kuongeza mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo humtofautisha mhandisi na fundi sanifu, na aliye na shahada husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu kabla ya kufanya kazi chini ya usimamizi na kupanda kuwa mhandisi mtaalamu. Ikiwa moyo wako uko huko, usipoteze muda kujiuliza kama shahada ina faida. Tafuta chuo kinachotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu na uombe.

Sekta binafsi ya mikoa yetu hupima watu kwa namna nyingine. Nimefanya kazi katika kituo cha kufungashia parachichi mkoani Njombe, na nimeketi mara kadhaa kwenye meza ya usaili wa wakaguzi wa ubora. Katika usaili mmoja tuliwapa waombaji tunda, kisu, mzani mdogo na oveni, tukawataka watuambie kama shamba lililotoa tunda lile lilikuwa tayari kuvunwa. Wenye shahada wengi walieleza vizuri sana umuhimu wa kupima kiwango cha ukavu, yaani sehemu ya nyama ya tunda inayobaki maji yakishaondoka. Binti mmoja mwenye stashahada ya kilimo hakueleza kitu: alimenya tunda, akaondoa kokwa, akakata vipande vyembamba vya nyama, akavipima, akavikausha, akawa anavirudisha kwenye mzani tena na tena hadi uzito ulipoacha kushuka, ndipo akapiga hesabu na kusema kwamba shamba lisubiri. Alikuwa sahihi, na tunda likichumwa kabla ya wakati husinyaa badala ya kuiva, hivyo mnunuzi wa ng'ambo hulikataa na hasara humrudia mkulima. Kazi tulimpa yeye.

Ni lazima niseme pia yaliyofuata, kwa kuwa ni upande wa pili wa jambo hilihili. Nafasi ya meneja wa ubora ilipotangazwa, tangazo lilitaka shahada, na jina lake halikufika hata kwenye orodha ya usaili. Niliona si haki, na bado naona hivyo, lakini ndivyo waajiri wengi wanavyochuja maombi yanapokuwa mengi. Serikalini mpaka huo umeandikwa kabisa katika miundo ya utumishi: Afisa Kilimo huingia kwa shahada, na Afisa Kilimo Msaidizi kwa ngazi za chini yake.

Ndiyo maana ninawashauri wengi wenu, hasa mnaopenda kilimo, ufundi, misitu au maabara, mfikirie kuanza na stashahada inayotambuliwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, mfanye kazi, kisha mrudi kuchukua shahada mkijua mnaitafutia nini. Stashahada yenye ufaulu mzuri hufungua mlango wa shahada. Pale Mbeya, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, hufundisha ngazi zote mbili.

Suala la fedha msilipuuze. Mkopo wa Bodi ya Mikopo umewasomesha watoto wengi wa wakulima na ninaushukuru, lakini ni deni. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo anayelipwa shilingi 600,000 hutoa 90,000 kila mwezi, mbali na kodi na mchango wa pensheni. Deni hilo hubebeka vizuri kwa shahada inayohitajika kazini, na huwa zito kwa shahada iliyochaguliwa kwa sababu tu rafiki aliichagua.

Kwa mliokwisha kuingia chuoni, mafunzo kwa vitendo ndiyo fursa kubwa kuliko mnavyodhani. Wengi huenda ofisi iliyo karibu na nyumbani, hugonga mihuri na kurudi na ripoti. Ombeni mapema, kabla muhula haujaisha, kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga, viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi, au maghala ya mpunga ya Mbarali, na mkifika muombe kushika mashine na vipimo, si mafaili pekee. Msimamizi aliyekuona ukifanya kazi kwa wiki kadhaa hukukumbuka nafasi inapotokea, na katika usaili utakuwa na jambo ulilolifanya la kusimulia.