Maswali ya Wasomaji: Fokasi ya Mkono na Dirisha la Kamera za Renjifainda

Katika toleo hili tunajibu barua zinazohusu kamera za kidijitali za renjifainda, yaani zile ambazo mpiga picha hatazami kupitia lenzi bali kupitia dirisha dogo la kioo lililo juu ya kamera, na ambazo lenzi zake hulengwa kwa kuzungusha pete kwa mkono. Ni jamii ndogo ya kamera. Epson R-D1 ndiyo iliyotangulia mwaka 2004, ikafuatwa na Leica M8 mwaka 2006, kisha M9 mwaka 2009, ambayo ilikuwa ya kwanza kati yao kuwa na kihisi (kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu) chenye ukubwa kamili wa filamu ya milimita 35. Waandishi wa barua hizi karibu wote wamenunua kamera zilizokwisha kutumika, na hilo limezingatiwa katika majibu.

Ndugu Mhariri, mimi hupiga picha za harusi, na hivi karibuni nimenunua Leica M9 pamoja na lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.4. Ninapompiga mtu uso kwa karibu, mapanja na nywele za pembeni hutoka kali ilhali macho yamefifia, ingawa nina hakika kwamba nililinganisha taswira mbili juu ya jicho. Je, macho yangu ndiyo yamechoka, au kamera ni mbovu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ndugu msomaji, usikimbilie kwa fundi, wala usiyalaumu macho yako, kabla ya kufahamu dirisha hilo hukuambia nini na ni nini lisichoweza kukuambia. Kamera yako ina madirisha mawili yaliyoachana kwa milimita 69.25, na kila moja hukiona kitu kutoka upande wake. Taswira ya dirisha dogo huletwa katikati ya dirisha kubwa kama kiraka chenye mwanga zaidi, na unapozungusha pete, sehemu ya nyuma ya lenzi husukuma kigurudumu kidogo kilichomo mdomoni mwa kamera, yaani pale lenzi inapofungwa, nacho ndicho kinachoisogeza taswira ya pili mpaka ilaliane na ya kwanza. Maana yake ni kwamba dirisha hupima umbali na si zaidi ya hapo. Halijui tundu la lenzi limefunguliwa kiasi gani, haliujui ubora wa lenzi, na hupima pale katikati tu.

Katika barua yako kuna neno moja lililonisaidia sana, nalo ni mapanja. Kama ungesema masikio, ambayo yako nyuma ya macho kwa kiasi kikubwa, ningeishuku kamera moja kwa moja. Panja liko nyuma ya jicho kwa sentimita chache tu, na kosa la sentimita chache huweza kusababishwa na jinsi unavyoishika kamera. Bila shaka hulilenga jicho kwa kiraka cha katikati, kisha huinamisha kamera ili jicho likae theluthi ya juu ya fremu au juu zaidi. Unapoizungusha kamera hivyo, eneo lililo kali huzunguka pamoja nayo na kuangukia nyuma ya jicho. Mtu akiwa umbali wa mita 1, ukiizungusha kamera kwa nyuzi 11 hivi, eneo hilo hurudi nyuma kwa karibu sentimita 2. Sasa linganisha na kina cha ukali ulicho nacho, yaani unene wa eneo linalotoka kali (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa wazi zaidi na kina huwa chembamba): lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.4, kwa umbali huohuo, ina kina cha sentimita 3 hivi kwa jumla, mbele na nyuma, na hiyo ni hesabu ya kawaida iliyorithiwa kutoka enzi za filamu. Ukiikuza picha kwenye kompyuta, kina hicho huonekana kuwa chembamba zaidi. Kwa hiyo kosa la sentimita 2 linatosha kuliondoa jicho kabisa katika ukali.

Dawa yake ni kuacha kuinamisha kamera na badala yake kuishusha au kuiinua nzima, ikiwa bado imeelekea palepale. Pasipowezekana, izungushe kisha uurudishe mwili nyuma kidogo sana kabla ya kubonyeza. Wapiga picha waliozoea kamera hizi hufanya hivyo bila kufikiri. Ukiwa harusini na mwanga ni hafifu, usihangaike na ngozi ya shavu, kwa kuwa ngozi laini haina mistari ya kulinganisha. Tafuta nukta ya mwanga inayong'aa ndani ya jicho, fremu ya miwani, au, kwa bwana harusi, tarizi ya ukingo wa kofia yake iliyo juu ya jicho. Zungusha pete kutoka upande mmoja kila mara, kwa mfano kutoka umbali usio na mwisho kuja karibu, na usimame pale taswira zinapolaliana bila kuipita na kurudi, kwa kuwa jicho likianza kubahatisha huku na huku hukubali mapema mno.

Kama kasoro itaendelea baada ya hapo, ndipo upime vifaa. Weka kamera kwenye stendi na uchore mstari mweusi wima kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 1. Pembeni mwa karatasi laza rula ndefu inayokwenda mbele na nyuma yake, halafu piga picha kadhaa kwenye f/1.4, ukiiharibu fokasi na kuilenga upya kila mara. Picha zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, tatizo ni jicho au mkono. Zikikosea zote upande mmoja, tatizo liko kwenye kamera au kwenye lenzi, na utalitambua kwa kuazima lenzi nyingine: zikikosea zote mbili sawasawa, mpelekee fundi kamera, ikikosea moja peke yake, mpelekee lenzi hiyo. Kisha tazama kitu kilicho mbali sana, kama mnara wa simu ng'ambo ya bahari, pete ikiwa imefika mwisho wake. Taswira zisipolaliana hapo, au ikiwa moja imekaa juu ya nyingine kwenye mistari ya mlalo, kamera imetoka kwenye vipimo. Mtandaoni wako watakaokushauri ukizungushe mwenyewe kile kigurudumu kwa bisibisi. Nakusihi usifanye hivyo. Marekebisho ya mbali na ya karibu yanategemeana, na asiye na vifaa vya kupimia hulisawazisha moja kwa kuliharibu jingine.

Limebaki jambo moja ambalo si ubovu wa mtu wala wa kifaa. Kuna lenzi ambazo eneo lao kali husogea nyuma unapolifunga tundu hatua mbili au tatu. Zeiss C Sonnar ya milimita 50 f/1.5 inajulikana sana kwa tabia hiyo. Dirisha halina namna ya kuliona jambo hilo, kwa hiyo rudia kipimo cha rula kwenye f/2, f/2.8 na f/4, uandike matokeo na kuyatunza. Wakati wa filamu tabia hii ilikuwepo vilevile, lakini watu wachache waliigundua, kwa sababu ni wachache waliokuwa wakikuza picha kwa kiwango ambacho leo kila mtu hukipata kwa kubofya mara moja. Megapikseli 18 za M9 zinatosha kuifichua, na 60 za M11 ya mwaka 2022 haziachi kitu.

Mhariri, ninavaa miwani na ninatumia lenzi ya milimita 28 kupiga maisha ya mitaani. Sioni kabisa mistari ya fremu ya 28, ile inayoonyesha dirishani mipaka ya picha, bila kuzungusha jicho huku na huku. Nimeshauriwa kununua kioo cha kukuzia dirisha. Je, kitanisaidia? (Msomaji, Mombasa)

Hakitakusaidia, kitakuongezea tabu. Vioo hivyo, vinavyokuza mara 1.25 au 1.4, vimetengenezwa kwa ajili ya lenzi ndefu. Kwenye Leica M10, ambayo dirisha lake huonyesha vitu kwa ukubwa wa 0.73 wa vile jicho huru linavyoviona, kioo cha 1.4 hukufikisha karibu na ukubwa halisi, ukaweza kulenga lenzi ya milimita 75 au 90 macho yote mawili yakiwa wazi. Lakini kadiri taswira inavyokuzwa ndivyo kingo zinavyotoka nje ya dirisha, na fremu ya 28 ndiyo hutoka ya kwanza.

Linalokufaa ni kuvua miwani, ikiwa macho yako yanaruhusu. Kuna vilenzi vya kurekebishia macho vinavyofungwa kwa nyuzi kama skrubu kwenye dirisha, kuanzia dayopta (kipimo cha nguvu ya miwani) −3 hadi +3. Kabla ya kununua kumbuka kwamba dirisha la Leica tayari limewekwa dayopta −0.5, kwa hiyo namba iliyo kwenye karatasi ya daktari wa macho haihamishwi ilivyo. Ijaribu kwanza dukani, au mwombe daktari akufanyie hesabu. Kwa mwenye astigimatizimu kali (kasoro ya umbo la jicho inayofifisha taswira) vilenzi vya kawaida havitoshi. Huyo namshauri aweke juu ya kamera dirisha la nje la milimita 28, ambalo huonyesha uwanja wote kwa nafasi. Dirisha la nje halipimi umbali, na kwa kuwa liko juu ya lenzi, kitu kilicho karibu huonekana humo tofauti na kitakavyokaa pichani, lakini kwa mitaani hilo halina madhara makubwa.

Pia kwa 28 huna haja ya kulenga kila picha. Funga tundu hadi f/8, weka pete kwenye mita 2.5, na kwa hesabu ya kawaida utapata ukali kuanzia karibu mita 1.4 hadi mita 10. Mimi siiamini hesabu hiyo kwa kihisi cha leo. Soma alama za f/5.6 kwenye lenzi ilhali unapiga kwa f/8, nazo zitakuambia kuanzia mita 1.6 hadi mita 5 na ushei, ambako ndiko watu huwa wanapopishana nawe kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Usishangae pia kwamba picha hubeba zaidi ya fremu ulizoziona: mistari ya M10 imepimwa kwa umbali wa mita 2, na ile ya M9 kwa mita 1, kwa hiyo vitu vya mbali vilivyokuwa nje kidogo ya mstari huingia pichani.

Assalaam aleikum. Marehemu baba yetu alisoma Moscow katika miaka ya 1970 akarudi na lenzi ya Jupiter-8, milimita 50 f/2, ya kufunga kwa nyuzi. Je, inaweza kutumika kwenye Leica M10? (Msomaji, Tanga)

Waaleikum salaam, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Inaweza. Lenzi za nyuzi za milimita 39 zilitengenezwa zikae milimita 28.8 kutoka kwenye filamu, na zile za mdomo wa M, yaani wa kamera za Leica M, milimita 27.8, kwa hiyo adapta nyembamba ya milimita 1 huziba pengo hilo barabara. Adapta zipo za namna tatu, kufuatana na fremu zinazoitwa dirishani. Nunua inayoita fremu za 50 na 75.

Lipo angalizo. Lenzi za Jupiter zimetokana na michoro ya Zeiss, na mwendo wake wa fokasi haukuoana kikamilifu na kipimo ambacho kamera za Leica zimejengewa. Iliyo sawa kwa mbali huweza kukosea kidogo kwa karibu. Kwa picha za mita 1 au 2 funga hadi f/4 na kosa litafunikwa. Kwa mbali ifungue upendavyo. Kabla ya yote hayo, kwa kuwa imekaa pwani miaka mingi, imulike kwa tochi kutoka nyuma uone kama ndani kuna nyuzi nyeupe mithili ya utando wa buibui. Huo ni ukungu, na huishi kwa unyevu. Ukiuona, msafishaji aifungue mapema kabla haujala rangi ya kinga ya vioo. Baada ya hapo iweke kwenye chombo kinachofungika vizuri pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na usiirudishe kamwe kwenye mkoba wake wa ngozi, kwa kuwa ngozi hufyonza unyevu na kuutunza.

Ndugu Mhariri, je, si afadhali kununua kamera isiyo na kioo cha kuakisi (mirrorless) ya kampuni nyingine, nikaifungia lenzi zangu za M kwa adapta na kulenga kwenye skrini? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sura za watu kwenye f/1.4 ni afadhali, nami sitakuficha. Unayetazama kupitia lenzi unaona kile hasa kitakachopigwa, pamoja na kuhama kwa fokasi nilikoeleza hapo juu, na unaweza kuikuza taswira juu ya jicho lenyewe. Kwa lenzi pana mambo hugeuka. Baadhi ya kamera hizo, za Sony zikiwemo, zina kioo kinene mbele ya kihisi kuliko kile cha Leica, na miale inayotoka kwenye lenzi pana za M hukipita kwa mshazari mkali, hivyo kingo za picha huvurugika. Lenzi hiyohiyo ikirudishwa kwenye M kingo hutulia.

Lakini dirisha la renjifainda lina faida ambayo skrini haina. Ukitumia 35 au 50 unaona nje ya fremu, kwa hiyo unamwona anayekuja kabla hajaingia, na mwendo wa watu haukatiki machoni hata wakati shata inapofunguka. Kwa mpiga picha wa habari hilo lina thamani kuliko ukali wa nywele moja moja. Kama ulicho nacho sasa ni M10, usiiuze kwanza. Kifaa cha Visoflex hukaa juu yake na kukuwezesha kutazama kupitia lenzi. Kitumie kwa milimita 90 na kwa picha za karibu, ukivue unapotoka kwenda mtaani. M9 haikipokei, wala haiwezi kuonyesha taswira hai kwenye skrini yake ya nyuma, kwa hiyo mwenye M9 atategemea dirisha pamoja na kile kipimo cha rula.