Fungua Difu, Usisome Gamba

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Hilux LN106. Kazi yake ni kubeba nazi na, ukifika msimu wa samaki, kuvuta boti ufukweni. Difu ya nyuma, lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, imekula meno. Nimepata ya mtumba Tanga mjini. Nje ni kutu tupu, lakini muuzaji anasema ni ya juujuu, nisugue kwa brashi ya waya tu. Nichukue?
Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo muuzaji huenda hakudanganyi, ila anakuonyesha upande usiofanya kazi. Gamba la difu ni chuma kinene. Linaweza kuwa jekundu hivyo hivyo na likakuzika. Mimi hunitia shaka zaidi lile lililopakwa rangi nyeusi jana yake.

Mwambie akitoe kichwa cha difu, yaani zile gia za ndani na beringi zake. Kwa Hilux yako hutoka kizima kwa mbele, si kazi ya siku nzima. Akikataa, umeshajibiwa.

Nenda na tochi na kitambaa chenye dizeli. Zungusha kraunwili, ile gia kubwa ya duara, taratibu ukifuta jino baada ya jino. Doa likitoka na kitambaa, usilijali. Likibaki, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, hapo chuma kimeshaliwa vishimo, na meno ya difu hufanya kazi kwa kukandamizana huku yakiteleza, basi kishimo kitazidi kutafunwa. Kisha beringi za pembeni: ukiona michirizi ya kutu iliyopangana kwa nafasi sawasawa na rola zake, ujue maji yalilala humo. Beringi za pinieni, gia ndogo inayoisukuma kraunwili, huzioni bila kufumua zaidi, kwa hiyo shika flenji, pale propela shafti inapofungwa, uizungushe kwa mkono. Ikikwaruza kama imemwagiwa mchanga, rudi nyumbani.

Msasa nao usikudanganye. Mwaka 2009 nilipiga msasa kraunwili yenye vishimo mpaka ikang'aa kama sahani ya harusi. Tulitoka Tanga asubuhi, hatujafika Muheza difu inalia. Mwenye gari alikuwa shemeji yangu, na kwenye misiba ya ukoo bado hunitajia.

Hesabu na meno. Kraunwili ya meno 41 kwa pinieni ya meno 10 si sawa na 43 kwa 10, na gari lako lina difu ya mbele pia. Zikitofautiana, siku utakayoingiza fowili, magurudumu yote manne yavute, kwenye barabara ya lami zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Sasa nikuulize mimi: hiyo boti. Difu iliyopata moto ukiitumbukiza kwenye maji ya bahari, hewa ya ndani hupoa ghafla, husinyaa, na huvuta chochote kilicho karibu. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo, tundu la kupitisha hewa, ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Kikizibwa na tope, maji hunyonywa kupitia oili sili, ile mipira inayozuia oili isivuje. Legeza nati ya kumwagia oili kwenye difu yako iliyokufa: ikitoka oili yenye rangi ya chai ya maziwa, hicho ndicho kilichoiua, na hii ya mtumba itaifuata.

Tafuta mpira wa mita moja na nusu unaohimili oili, uchomeke kwenye kipumulio, uupandishe mpaka usawa wa bodi na kuufunga kwa klipu. Ufanye hivyo kabla hujaifunga difu ya pili. Ukishaifunga, weka gia oili mpya, tembea kilomita 500, uimwage yote uone imetoka na nini.