Joto la Chumba Ni Nyuzi Ngapi? Kwa Timu Mpya za Baiolojia Sanisi

Mwezi wa saba, saa mbili usiku, simu ililia kutoka Nakuru. Timu ya wanafunzi tuliyokuwa tukiilea ilikuwa imefuata mwongozo wetu wa maabara hatua kwa hatua, mara tatu, na sahani zao zilikuwa tupu. Hata koloni moja, yaani kundi la bakteria linaloonekana kwa macho, haikuota. Kwetu Kisumu mwongozo uleule ulikuwa ukitupa koloni nyekundu kila wiki. Tulishuku DNA, tukashuku aga, ile jeli ya kuoteshea bakteria, kisha tukashuku mikono yao, na kwa hilo la mwisho niliwaomba radhi baadaye, ana kwa ana.

Kosa lilikuwa letu. Inkubeta yetu, sanduku linalotunza joto la kuoteshea bakteria, iliharibika muhula huo, tukawa tunaacha sahani mezani siku mbili hadi koloni zionekane, na kwenye mwongozo tukaandika: "acha kwenye joto la chumba." Chumba chetu kiko karibu na ziwa, na hata usiku hakipoi sana. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai huko watu hujifunika blanketi mbili. Bakteria wa E. coli hustawi kwenye nyuzi 37. Kwenye baridi ile hawakufa, ila walizaana polepole mno hata jicho lisione kitu. Maneno matatu, "joto la chumba", yaligharimu wenzetu karibu mwezi mzima.

Nawaandikia ninyi mnaojiunga mwaka huu na timu za baiolojia sanisi, kazi ya kuwapa viumbe DNA iliyoundwa ili wafanye jambo jipya, Kisumu, Maseno, Bondo, Kakamega, Njoro na kwingineko, kwa sababu naona mkianza pale tulipoanzia sisi. Mmesikia kwamba iGEM, mashindano ya kimataifa ya baiolojia sanisi, yanathamini ushirikiano, na mnatafuta wa kushirikiana naye. Historia yake kwa ufupi: yalianza kama kozi ya Januari 2003 pale chuo cha MIT, Marekani; 2004 yakawa mashindano ya timu tano; leo huingia timu zaidi ya 300 kila mwaka, na tangu 2022 mkutano mkuu hufanyika Paris. Kwa miaka kadhaa timu haikupata medali ya fedha bila kuonyesha kwamba imeshirikiana na timu nyingine. Sharti hilo lilikuwa na nia njema, lakini lilizaa tabia ambayo bado ipo: kikao kimoja cha Zoom, picha ya skrini, nembo mbili kwenye bango, basi. Sisi pia tulifanya hivyo mwaka wa kwanza. Sikumbuki hata jambo moja tulilojifunza katika vikao vile.

Ushirikiano ninaouamini ni huu: mpe mwenzako kazi yako airudie kwenye maabara yake, kwa mikono yake, nawe usiwepo. Akifaulu, matokeo yako yana uzito. Akishindwa, amekuonyesha jambo ulilokuwa unalifanya bila kujua. Ile simu ya saa mbili usiku ilitufundisha kuliko semina zote za mwaka ule.

Baada yake tuliupitia mwongozo wetu mstari kwa mstari na wenzetu wa Nakuru wakiwa kwenye simu. Walikuwa wakituuliza swali moja tu: "Kiasi gani?" Aibu tuliyoipata sitaisahau. Tulikuwa tumeandika "ongeza mikrolita moja ya kloramfeniko kwa kila mililita", bila kusema dawa hiyo, antibiotiki inayozuia bakteria wasiopokea DNA yetu kuota, imeyeyushwa kwa nguvu gani. Sahihi ilikuwa kuandika kiwango cha mwisho, mikrogramu 25 kwa mililita, na kwamba huyeyushwa kwenye ethano, si kwenye maji. Tulikuwa tumeandika "mshtuko wa joto", ule unaofanya bakteria wapokee DNA, bila sekunde. Sasa tunaandika: dakika 30 kwenye barafu, sekunde 45 kwenye nyuzi 42, kisha barafuni tena. Tulikuwa tumeandika "chemsha vyombo kwa presha 15". Hapo ndipo mwalimu wao mmoja alipotufungua macho: geji husoma presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, na hewa ya Nakuru ni nyepesi. Geji ikisoma 15 (pauni kwa inchi ya mraba) kule, mvuke uko karibu nyuzi 118, si 121 kama vitabu vinavyosema. Kwa hiyo fuateni joto, si geji peke yake, na tumieni ule utepe unaobadilika rangi, mkijua kwamba unaonyesha chombo kimepitia joto tu. Dakika mhesabu wenyewe.

Kuhusu inkubeta, msisubiri bajeti. Zile mashine za kuangulia vifaranga zinazouzwa kila mji hukaa kwenye nyuzi 37.5, na kidhibiti joto chake hununuliwa peke yake. Kidhibiti hicho, balbu na boksi la kupozea soda vinatosha kuotesha sahani. Tengeni boksi liwe la maabara tu, liandikeni hivyo kwa maandishi makubwa, na lisirudi jikoni kamwe.

Jambo la pili ni kile mnachotumiana. Msitume bakteria hai waliobadilishwa. Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia inayoisimamia, na kazi ya aina hii, hata ndani ya maabara, inahitaji idhini. Zungumzeni na kamati ya usalama ya chuo chenu kabla ya kufungua kichupa cha kwanza, wala si baada ya matokeo. iGEM nayo inakataza kutoa nje ya maabara kiumbe chochote kilichobadilishwa. DNA yenyewe si kiumbe hai, na inasafiri vizuri kuliko mnavyodhani. Chora duara kwa penseli kwenye karatasi ya kuchujia (kalamu ya wino huvuja), dondosha humo plazimidi (kipete kidogo cha DNA ambacho bakteria hukipokea), acha ikauke, tia kwenye bahasha. Atakayeipokea atakata duara, ataliloweka kwenye mikrolita 50 za maji safi, kisha atatumia mikrolita chache. Bahasha ya kwanza tuliyotuma hivyo ilipanda matatu asubuhi pale stendi ya Kisumu, ikapita Kericho, na jioni ilikuwa mezani kwa wenzetu. Tulianza na J04450, kipande cha DNA kinachofanya koloni kuwa nyekundu kwa macho matupu bila taa maalumu. Anzeni nacho. Mkiona nyekundu mmeona nyekundu, hakuna ubishi.

Vimeng'enya, protini za kukata na kuunga DNA, ni hadithi nyingine. Hivyo vinataka nyuzi 20 chini ya sifuri, na stima ikipotea usiku hujui friza imeyeyuka kiasi gani. Wekeni humo kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu yake. Mkikuta sarafu imezama, kila kitu kiliyeyuka, na msimpe mwenzenu kimeng'enya kutoka friza hiyo bila kumwambia. Kuagiza ndiko kunakofaa kufanywa pamoja: gharama ya usafirishaji kutoka nje ni ileile kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) mbili au ishirini. Tulifanya kama chama, kila timu ikituma mchango wake kwa M-Pesa kwa mhazini mmoja na oda ikitoka mara moja kwa muhula.

Sasa kuomba. Mtatumia timu nyingi ujumbe wa "tushirikiane?" na wengi hawatajibu, si kwa kiburi bali kwa sababu ombi halina mpini wa kulishika. Ombeni kitu kidogo chenye mwisho. "Tuna kipande hiki, kwetu koloni huwa nyekundu baada ya saa 24 kwenye nyuzi 37. Mnaweza kukijaribu kwenye seli zenu wiki hii mtutumie picha na joto mliloandika? Nasi tutawapimia sampuli zenu kumi." Ujumbe kama huo hujibiwa.

Na mkipimiana, kubalianeni kipimo kwanza. Tangu 2014 iGEM ilikuwa na zoezi ambalo maabara nyingi zilipima vitu vilevile ili zilinganishe. La 2018 lilishirikisha maabara 244 kwa swali linaloonekana dogo: mashine ikisoma kwamba mwanga umepungua kiasi fulani ukipita kwenye kichupa, bakteria ni wangapi? Kila mashine ina lugha yake. Kilichosaidia ni kupima kwanza chembe ndogo za silika ambazo idadi yake inajulikana, kwenye mashine ileile, ndipo usome bakteria. Kama mnazo chembe hizo, gawaneni. Kama hamna, angalau mhesabu koloni kwenye sahani.

Msiunganishe miradi yenu kwa sababu tu mnapendana. Wenzetu wa Nakuru walitaka kugundua floridi, na haki yao: maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wanaota meno ya kahawia. Walitumia kipande cha RNA (nakala ya DNA ambayo seli hutengeneza) kinachojikunja upya kinapokutana na floridi, aina iliyogunduliwa 2012. Sisi akili zetu zilikuwa ziwani, kwenye mwani wenye sumu wa Ghuba ya Winam. Maswali mawili tofauti, na hakuna aliyelazimika kuliacha lake. Tuliazimana vifaa, tukakosoana, tukahesabiana koloni. Walipokwenda kuzungumza na akina mama kisimani, walituita twende nao tusikilize, na hapo tulijifunza kwamba swali la kwanza la mama si floridi ni kiasi gani. Ni: "Nikijua, nitachota wapi?"

Kulea timu changa, hasa ya shule ya upili, kunahitaji jambo moja gumu: uweke mikono yako nyuma ya mgongo. Ukimnyang'anya mtoto pipeti, kile kifaa cha kupimia matone, kwa sababu anachelewa, amejifunza kwamba pipeti ni yako. Mpe maji yenye rangi ya chakula na mzani mdogo. Mikrolita 1,000 za maji zina uzito wa gramu moja, basi atajisahihisha mwenyewe bila wewe kusema neno. Mimi nilikuwa nikijibu maswali yao kwa kuwatumia mafaili. Hawakuyasoma, na wala sikuyasoma nilipokuwa kama wao. Ilinibidi nipande matatu.

Andikeni pia nani alifanya nini, tangu siku ya kwanza, kwa majina na tarehe. Nimeona urafiki mzuri ukivunjika wiki ya mwisho kwa sababu kazi ya miezi minne ya timu moja ilitajwa kwa neno "tuliwashukuru". Aliyewarudia jaribio lenu, likashindwa, akawaambia kwa nini, amefanya kazi kubwa kuliko aliyewapongeza. Na jaribio lililoshindwa liwekeni kwenye ukurasa wa timu pamoja na joto lake.

Siku ile matokeo ya Nakuru yalipokuja hatimaye, picha ilikuwa na koloni kumi na saba nyekundu, na kando ya sahani walikuwa wameweka kipimajoto ili kisomeke kwenye picha hiyohiyo: 37.2. Tangu hapo tunanunua vipimajoto viwili viwili. Kimoja kinabaki kwetu, kingine kinakwenda na bahasha ya kwanza ya DNA. Mkija Kisumu, chenu kiko kwenye droo, kimefungwa kwenye karatasi.