Msiniambie picha haina kitu

Wadogo zangu wa intani, wiki hii nimewasikia mara tatu mkimwambia mgonjwa aliyeumia kifundo cha mkono, "Picha haina kitu, umeteguka tu." Mara ya tatu nilikwenda kukaa chumba cha plasta mpaka moyo utulie. Nawapenda, ndiyo maana naandika.

1. Pete, bangili na saa zitoke kabla hamjajaza fomu ya eksrei. Mkono huvimba haraka kuliko foleni inavyosogea.

2. Ombeni picha ya mbele na ya ubavu, zote mbili. Bila ya ubavu hamtajua kipande cha radiasi, ule mfupa wa mkono wa upande wa dole gumba, kimeegemea mgongo wa mkono au kimekwenda upande wa kiganja. Ila kwa yule bibi aliyeteleza kwenye tope la Tukuyu akaangukia kiganja, mkono ukapinda kama uma wa mezani, jibu mnalo mlangoni. Abraham Colles wa Dublin aliueleza uvunjikaji huo mwaka 1814, na eksrei ikagunduliwa 1895. Miaka 81 watu waliujua kwa macho na vidole.

3. Bonyezeni kishimo kilicho kwenye shina la dole gumba. Hapa ndipo ninapoumia moyoni.

Nilikuwa hospitali moja ya wilaya, mwezi wa saba, baridi inauma. Akaja kijana fundi ujenzi, bodaboda imemwangusha kwenye mteremko. Uvimbe kidogo tu. Nikabonyeza ncha ya radiasi, akatulia. Picha ikarudi safi. Nikamfunga bandeji ya kuvuta, nikamwandikia diklofenaki ya maumivu. Akaniuliza, "Daktari, niendelee na kazi?" Nikamjibu, "Endelea." Neno hilo moja bado nalisikia.

Alirudi baada ya miezi minane. Mwiko haushikiki, ndoo ya zege hainyanyuki. Picha mpya ilionyesha skafoidi, kale kamfupa ka kifundo kaliko chini ya kishimo hicho, imekaa vipande viwili, na kile cha upande wa radiasi kimekuwa cheupe kuliko mifupa jirani. Mnaijua sababu, mmeijibu kwenye mtihani: damu nyingi ya mfupa ule huingilia upande wa vidole, kisha hurudi nyuma. Ufa ukipita katikati ya mfupa huo, kipande cha nyuma kinaachwa na njaa. Nilimwambia kwamba nilikosea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mdogo wake ndiye anayepiga lipu siku hizi, yeye anapima tu na kuelekeza. Nikamwandikia rufaa, akanishukuru. Ningependa angenigombeza.

Sikubonyeza kishimo. Sekunde tano, basi. Mgonjwa anyooshe dole gumba, kishimo kijitokeze kati ya kano, bonyeza. Kisha bonyeza upande wa kiganja, na usukume dole gumba kuelekea mkononi. Akiruka kwa maumivu, huyo amevunjika mpaka ithibitike vinginevyo, hata picha iwe safi namna gani. Mfungie mkono pamoja na dole gumba, arudi baada ya siku 10 hadi 14 kwa picha nyingine. Na kazi asifanye.

4. Kabla na baada ya kuvuta mfupa, ulizeni hisia za dole gumba, cha shahada na cha kati, na muandike kwenye faili.

5. Mkono uliovunjika sasa hivi unapewa baksilabu, yaani plasta ya upande mmoja; plasta ya kuzunguka itasubiri uvimbe upungue. Maumivu yakizidi dawa, na vidole vikiuma mnapovinyoosha, kateni plasta na bandeji mpaka ngozi ionekane, na mwiteni mkubwa wenu saa hiyo hiyo. Msiongeze sindano ya maumivu mkaenda kulala. Na huku kwetu kuna la baridi. Mama mmoja wa Makete alikausha plasta yake kwenye jiko la mkaa. Ilipasuka, na ngozi ya chini ikaungua. Sikumlaumu, hakuna aliyemwambia kwamba plasta yenye unyevu inahitaji siku mbili tatu za hewa, nje ya blanketi, mbali na moto.

6. Vidole vichezeshwe kuanzia siku ile ile. Mwambieni bibi amenye njegere, atawaelewa vizuri zaidi kuliko mkimwambia mazoezi.

Kesho kabla ya raundi mnikute chumba cha plasta. Kila mmoja atabonyeza kishimo cha mwenzake mpaka nione kidole kimekaa panapotakiwa.