Jibu: Madini ya risasi yaliyoganda ndani ya mtutu

Ndugu, umeuliza kwa nini bastola yako imeanza kutawanya shabaha tangu uanze kutumia vichwa vya madini ya risasi matupu, yaani visivyo na ganda la shaba, na kama ule mchanganyiko wa siki na haidrojeni peroksaidi unafaa kuusafisha mtutu. Shabaha inatawanyika kwa sababu madini hayo yameganda ndani ya mtutu. Mchanganyiko huo achana nao kabisa, tafadhali. Unayeyusha madini kweli, lakini unabaki na maji yenye sumu kali ya risasi inayopenya hata kwenye ngozi, na ukichelewa kidogo chuma cha mtutu nacho kinaliwa.

Hakikisha kwanza silaha haina kitu. Kisha chukua brashi kuukuu ya bronzi, izungushie nyuzi za shaba halisi, tia mafuta mepesi, sugua ukianzia upande wa chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi). Nyuzi zijaribu kwa sumaku: zikinata, ni chuma kilichopakwa shaba, kitakwaruza. Utaona vipande vya kijivu vinavyong'aa vikitoka kama magamba. Vaa glavu, na usile chochote kabla ya kunawa.

Sasa mulika ndani uone uchafu ulikoganda. Ukiwa karibu na chemba, mara nyingi kichwa ni chembamba mno na gesi ya moto inapita pembeni ikikiyeyusha. Kinatakiwa kizidi kipenyo cha mifereji ya mtutu (ile michirizi iliyochongwa ndani yake) kwa takriban inchi 0.001. Ukiwa mdomoni mwa mtutu, kilainishi kilichopakwa kwenye kichwa kinaisha njiani. Watu hukimbilia vichwa vya madini magumu zaidi, ila mimi ningeanza na kipimo cha kipenyo.