Jibu: Kwa nini droni inagoma kupita mita 120?
Ndugu, umeuliza kwa nini droni yako inagoma kupita mita 120 ilhali kijitabu chake kinataja mita 6000. Namba hizo zinapima mambo mawili tofauti. Mita 6000 huhesabiwa kutoka usawa wa bahari, nazo hueleza mahali ambapo hewa ni nyepesi mno kwa pangaboi zake kuibeba vizuri. Mita 120 ni kikomo cha programu, kinachofuata sheria kama zile za Umoja wa Ulaya, huku Marekani ikitumia futi 400, ambazo ni karibu sawa. Droni nyingi za DJI, kampuni ya Kichina inayotengeneza droni, huruhusu kukiongeza hadi mita 500 kwenye mipangilio, ila uwezo wa chombo si ruhusa ya kisheria.

Linalowaponza wengi, nami nikiwemo zamani, ni kwamba kimo unachokisoma kwenye skrini hupimwa kwa mgandamizo wa hewa kuanzia pale droni iliporukia, wala si kutoka ardhi iliyo chini yake. Ukiirusha kutoka ukingoni mwa bonde lenye kina cha mita 80 na kuipeleka juu ya bonde hilo, skrini inaweza kusoma mita 60 ilhali chini yake kuna mita 140, yaani umeshavuka zile mita 120.