Gari lako la kwanza lioshwe mara ngapi?

Karibu kila anayeniletea gari alilolitoa bandarini juzi ananiuliza swali hilo hilo: fundi, nilioshe kila siku au kila wiki? Kwa gari la kutembelea hapa Dar es Salaam, ushauri wangu ni mara moja kwa wiki, au hata mara moja kwa wiki mbili kama linalala chini ya paa na halipiti barabara za vumbi. Kila siku, hapana. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu magari mengi ninayoyapokea yakiwa yamepoteza mng'ao hayakuharibiwa na uchafu. Yameharibiwa na kitambaa.

Unayajua mazoea yetu. Asubuhi kabla mwenye gari hajatoka, mlinzi au kijana wa geti anachukua kidumu cha maji na kitambaa kimoja, anakilowesha, anakikamua, anapangusa gari zima kuanzia paa hadi bampa. Linatoka likimeta, na kila mmoja ameridhika. Lakini vumbi lililolala juu ya boneti ni mchanga uliosagika, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko rangi. Kila mpanguso unaziburuta. Baada ya miezi kadhaa, lisimamishe gari juani saa sita mchana, hasa likiwa jeusi au la bluu iliyokolea, uangalie pale mwanga wa jua unapopiga. Utaona mikwaruzo myembamba imelizunguka doa la mwanga, duara ndani ya duara.

Mikwaruzo hiyo imo kwenye klia, lile tabaka linalong'aa ambalo mafundi rangi hulipiga mwisho kabisa. Kwenye magari mengi ya kiwandani klia ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida. Hapo ndipo ilipo kinga yote ya rangi dhidi ya jua. Ikichakaa haioti tena. Ndiyo maana unaona magari yamepauka paa na boneti, kisha yanababuka mabaka mabaka, wakati milango bado mizuri: paa na boneti ndizo zinazopigwa jua la moja kwa moja na kupanguswa mara nyingi zaidi. Basi vumbi kavu liache lilale hadi siku ya kuosha. Kama ni lazima gari lipendeze kesho asubuhi, limwagie maji mengi bila kuligusa.

Kuna vitu, hata hivyo, ambavyo havisubiri siku ya kuosha.

Cha kwanza ni kinyesi cha ndege, na Dar, Zanzibar na Mombasa ndege mwenyewe ni kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni India; waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na leo hakuna mwembe wala nguzo ya umeme wasiyoijua. Kinyesi chao kina asidi. Jua likiwaka, klia inapata joto na kulainika, asidi inaingia. Usiku inapopoa inajikaza ikiwa imeshaumbika kufuata lile doa. Ukikiondoa siku hiyo hiyo rangi inabaki salama, ukikiacha siku tatu juani unabaki na alama ambayo sabuni haiitoi. Usikikwangue kwa kucha wala kwa karatasi. Weka kitambaa kilicholowa chapachapa juu yake, subiri dakika tano hadi kumi, kisha kiinue taratibu. Utomvu wa mwembe na wadudu waliogandia kwenye bampa baada ya safari ya Morogoro au Dodoma hutolewa kwa subira ile ile. Matone ya lami ndiyo tofauti: tia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, futa doa lenyewe tu, na uoshe kwa sabuni papo hapo. Mafuta hayo yasiguse plastiki wala mipira.

Cha pili ni chumvi. Ukiendesha gari ufukweni, au ukivuka na kivuko kwenda Kigamboni siku ya upepo na mawimbi yakakurushia maji, lisuuze siku hiyo, na usiishie juu. Mpira wa maji upeleke uvunguni, ndani ya matao ya matairi na nyuma ya bampa. Na wewe uliyeagiza gari Japani, lilaze juu ya shimo la fundi mapema ulitazame uvungu. Mikoa ya kaskazini ya Japani, kama Hokkaido, humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, na gari lililotumika huko linaweza kufika hapa likiwa zuri juu huku kutu imeanza chini. Kwa gari la hivyo, kusuuza uvungu ni sehemu ya kila uoshaji.

Sasa siku ya kuosha yenyewe. Osha asubuhi mapema au jioni, kivulini, boneti ikiwa imepoa. Ukiigusa na kiganja ukaondoa mkono kwa joto, subiri, maana sabuni itakaukia kwenye rangi kabla hujaisuuza. Tafuta ndoo mbili za lita 20. Moja ina maji ya sabuni, ya pili ina maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Hii ndoo ya pili ndiyo watu wanaiona ya kupoteza muda, na ndiyo inayookoa rangi. Kila ukimaliza kipande kimoja, mlango mmoja au nusu ya boneti, chovya glavu kwenye ndoo ya maji matupu uisugue, halafu ndipo urudi kwenye sabuni. Ukimaliza gari, ingiza mkono kwenye ile ndoo ya pili upapase chini yake. Mchanga utakaoukuta ungekuwa unazunguka juu ya milango yako.

Anza na matairi na rimu, kwa kitambaa chake ambacho hakitagusa bodi kamwe, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma. Kisha limwagie gari lote maji ili vumbi lianguke lenyewe. Halafu osha kutoka paa kushuka chini, ukiacha sehemu ya chini ya milango na bampa la nyuma mwisho. Sponji ya kawaida ina tabia ya kukamata mchanga na kuushikilia usoni. Glavu ya manyoya au kitambaa cha mikrofaiba ni bora. Na sabuni iwe shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali mno, inaondoa nta yote, ile kinga inayopakwa juu ya klia, na kukausha mipira ya madirisha. Sabuni ya vyombo nayo inaondoa nta, kwa hiyo iache kwa siku unayokusudia kupaka nta mpya.

Maji nayo yana neno. Nyumba nyingi za pwani zinatumia kisima, na maji ya kisima mara nyingi ni magumu au yana chumvi. Ukiliacha gari likauke lenyewe, yanabaki madoa meupe ya mviringo, na yakipigwa jua mara kwa mara yanazama kwenye klia na vioo. Kama una maji ya mvua au ya bomba, yahifadhi kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho. Kama huna, kausha upesi kwa taulo kubwa la mikrofaiba. Lilaze na kulivuta taratibu bila kulikandamiza. Madoa yaliyoanza juzi hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha suuza.

Ukishakausha, usiliegeshe moja kwa moja kama halitatoka kwa siku kadhaa. Liendeshe mtaa mmoja ukikanyaga breki polepole, diski za breki zikauke. Zikilala na maji zinashika kutu.

Kuhusu nta na polishi, wengi walio wageni wa kumiliki gari wanazichanganya, na gharama ya kuzichanganya ni kubwa. Nta inaongeza kinga juu ya klia. Polishi inapunguza klia yenyewe, inaisaga kidogo ili mikwaruzo ipotee. Nta paka kila miezi miwili au mitatu kwa jua letu, na huhitaji kalenda: mwagia maji kwenye boneti, yakijikusanya matone na kuteleza kama kwenye jani la magimbi, nta ipo, yakitandaa na kung'ang'ania, imekwisha. Polishi ya mashine isizidi mara moja kwa mwaka, na kama rangi bado nzuri, hata huo mwaka uache upite. Anayekushawishi upige polishi kila mwezi anakumalizia klia.

Kazi nyingine ambayo karibu hakuna anayeifanya nyumbani, na mimi naihimiza kwa kila mtu, ni ya kabla ya masika. Mwishoni mwa Februari fungua boneti, utazame chini ya kioo cha mbele, pale vaipa zinapoanzia. Kuna mfereji wa plastiki wenye matundu, na ukiegesha chini ya mwembe au mwarobaini utaukuta umejaa majani yaliyooza. Yatoe kwa mkono, mimina kikombe cha maji, hakikisha yanatokea chini ya gari. Mfereji huo ukiziba, mvua za Machi hadi Mei zinaweza kuingia ndani hadi miguuni kwa abiria, chini ya kapeti kwenye sifongo na nyaya, na gari linaanza kunuka uvundo usiojulikana unatoka wapi. Vivyo hivyo matundu madogo ya chini ya kila mlango: yazibue kwa kijiti laini, maana mlango unaohifadhi maji unaoza kutokea ndani.

Ndani ya gari, toa mikeka uikung'ute kila wiki na upige kapeti vacuum kila wiki mbili au tatu. Dashibodi inatosha kitambaa chenye unyevu. Yale mafuta ya kung'arisha yanaakisi mwanga kwenye kioo cha mbele na kukusumbua kuona. Usimwage maji kwenye kapeti. Maziwa, samaki na mchuzi vishughulikie saa ile ile. Filta ya AC, ambayo kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya mbele ya abiria, ikague angalau mara mbili kwa mwaka. Injini ifute kwa brashi na kitambaa ikiwa ya baridi, mara moja au mbili kwa mwaka, na mashine ya presha isiikaribie alteneta (inayochaji betri) wala koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi).

Na kama huoshi mwenyewe bali kuna kijana anayekuoshea, mnunulie ndoo mbili, glavu, taulo na shampuu, viwe vyake vya kutumia kwenye gari lako. Simama naye siku ya kwanza mwoshe pamoja. Mlipe kwa uoshaji mmoja kile ulichokuwa unampa kwa wiki nzima ya kupangusa, na umwombe asubuhi nyingine zote asiliguse.